Kukaa ku Mayi: Raha ya Mto na Kununua Lupango Kisangani

Watu wanaoandika juu ya Kisangani mara nyingi wanaandika juu ya vita, na hatuwezi kuwalaumu, maana mji wetu uliona mengi. Lakini katika kurasa hizi tunataka kugusa jambo lingine ambalo wazee walilizungumza sana, na vijana wanalizungumza bado: raha ya kukaa pembeni ya mto, na namna mtu anavyopata nyumba pale. Zamani mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Siku yalipotenganishwa ndipo matata mengi ya malupango ya ku mayi yalianza.

Kwanza tuseme hiyo raha ni nini, kusudi mtu wa Goma ao wa Lubumbashi atuelewe. Mto Congo, ambao huko juu watu wanauita Lualaba, unashuka maporomoko saba kati ya Ubundu na Kisangani. La mwisho ndilo lile la Wagenya, mlangoni mwa mji. Kiisha pale maji yanatulia, na masua inaweza kwenda mpaka Kinshasa, kilometa zaidi ya 1,700, bila kukuta maporomoko yanayofunga njia. Basi Kisangani imekaa mahali ambapo safari moja inaisha na nyingine inaanza. Kila kitu kinateremka pale: samaki, mchele, mafuta ya mawese, makaa, habari za Kinshasa, nyimbo mpya, na wageni wasio na pa kulala. Anayekaa ku mayi anapata yote hayo mbele ya mtu wa katikati ya mji. Bei ya samaki anaijua kabla mama muuzaji hajaipandisha njiani kuelekea sokoni.

Na jioni! Jua linazama upande ule mto unapokwenda, joto linapungua, upepo unatoka majini. Watoto wanaoga, mama wanaosha vyombo na kusukuma habari, pirogi zinatoka Lubunga ng'ambo ya pili na watu waliochoka na kazi. Pembeni kidogo mtu amewasha makaa, juu yake kuna liboke ya samaki, na mwingine anatwanga ndizi za lituma. Kama franka iko, Primus inafunguliwa. Kama haiko, kuna pombe ya mbila. Hakuna anayelipa kuingia. Raha hiyo haina mlango, na ndiyo maana tunasema ni ya watu wote wa upande ule, tajiri na maskini. Tuikumbuke hii, tutairudilia.

Watu wa kwanza kupanga maisha hayo ni Wagenya. Sifa yao imefika mbali kwa sababu ya mitego yao: miti mikubwa inayosimamishwa ndani ya maji yenye nguvu, miguu yake ikiingizwa katika matundu ya mawe, inafungwa kwa kamba za pori, na chini yake vikapu vikubwa vyenye umbo la faneli vinaning'inia vikielekea maji. Samaki anayesukumwa na maji anaingia na hawezi kurudi. Watu wanakwenda kuvitazama vikapu mara mbili kwa siku. Watalii wanapiga picha, wanatoa franka, wanaondoka. Kile ambacho picha haionyeshi ni utaratibu wa mahali. Kila sehemu ya maporomoko iko na familia yake. Mtoto anaipata kwa baba yake, naye kwa baba yake. Mtu mwingine hawezi kuja na miti yake na kusimama pale eti jiwe lilikuwa wazi.

Sasa tuangalie vizuri. Maji yakijaa sana, yanachukua miti yote. Mto unasafisha mawe, na mgeni akipita siku hiyo ataona mawe matupu, hakuna alama ya mtu. Lakini kila Mgenya anajua: pale ni pa fulani, na pale ni pa fulani. Maji yakipungua, mwenye mahali anarudi na kusimamisha miti mipya, na hakuna anayemuuliza karatasi. Kwa maoni yetu hapo ndipo kuna elimu yote ya mali ya pembeni ya mto. Mali ya Mgenya haikuwa miti, maana miti mto unaila. Mali yake ilikuwa haki ya kurudi baada ya maji, na ile haki ilikaa ndani ya vichwa vya majirani. Ukigombana na majirani wote, hata kama jiwe liko palepale, umekwisha kulipoteza.

Nyumba vilevile. Wazee wa pembeni ya mto walijenga kwa miti, udongo na majani, vitu ambavyo pori linatoa na maji yanaweza kuchukua bila mtu kulia miaka kumi. Mgeni alipofika alipelekwa kwa mkubwa wa kijiji, alileta zawadi, alionyeshwa mahali pa kujenga na, jambo kubwa, alionyeshwa njia ya kuteremkia majini. Kile alichotoa hakikuwa bei. Kilikuwa salamu ya kuingia katika watu.

Hapa tusimame kidogo juu ya neno, maana neno linaweza kudanganya. Katika Kiswahili chetu cha Congo, mwenye kutoa franka ili apate kitu tunasema anauza. Mwenye kukitoa kitu, huyo anauzisha. Mtu wa Tanzania akisikia kwetu «nimeuza lupango» atatuhurumia akifikiri tumeipoteza, kumbe tumeipata! Tunacheka, lakini kwa udongo wa ku mayi kicheko hicho kina ukweli ndani. Mara nyingi mmoja aliamini ameuza, na mwingine hakujua hata kidogo kwamba ameuzisha.

Mfano wa kwanza ulioandikwa ni wa Stanley. Alipita kwa maporomoko yetu mara ya kwanza katika Januari 1877, akipigana na watu wa mto. Alirudi katika Desemba 1883 akitumwa kwa kazi ya mfalme Leopold II, safari hii na masua za moshi na vitu vya biashara. Alifanya mapatano na wakubwa wa Wagenya, akatoa vitu, akapata mahali pa kujenga stesheni kwenye kisiwa karibu na maporomoko. Kwake yeye alikuwa amepata udongo na utawala juu yake. Wagenya je? Tukifuata desturi tuliyoieleza, walikuwa wamepokea mgeni, wamemwonyesha pa kulala na pa kuteremkia. Hakuna mzee ambaye angeweza kutoa mahali pa mababu kwa vitambaa na shanga, kwa sababu hapakuwa pake peke yake. Tunaona basi kwamba nyumba ya kwanza «iliyouzwa» Kisangani ilikuwa na maana mbili tangu siku ya kwanza. Miaka miwili haijatimia, amri ya 1 Julai 1885 ya Leta Huru ya Congo ilitangaza kwamba udongo usiokaliwa na mtu ni wa Leta. Na jiwe ambalo maji yamelisafisha, je, linakaliwa na mtu? Bulamatari hakuuliza.

Wakati uleule watu wengine walikuwa wamefika kwa njia ya juu, kutoka Kasongo na Nyangwe: watu wa Tippu Tip, wale tuliowaita Waungwana, ambao lugha yao ndiyo iliyoota hapa ikawa Kingwana chetu. Mwaka 1886 walishambulia stesheni, wazungu wakaiacha. Mwaka 1887 Leopold II akaona afadhali kumfanya Tippu Tip mwenyewe kuwa liwali wa Maporomoko. Hatutaki kupaka sukari juu ya wakati ule. Biashara ya watu na ya pembe za ndovu ilimwaga damu nyingi katika nchi yetu, na vita ya 1892 mpaka 1894 ilimaliza nguvu za wakubwa wao. Lakini wafuasi wao wengi walibaki, walioa hapa, walilima mchele, na wakajenga kwa desturi ya pwani: kiwanja kilichofagiliwa, kibaraza mbele ya nyumba, mahali pa mwanaume kukaa jioni na kupokea wapita njia. Mpaka leo ukipita kwenye makartie ya zamani utaona watu wanakaa nje, si ndani. Raha ya Kisangani ilichukua kitu kwa Mgenya na kitu kwa Mwungwana: mto wa wote, na baraza ya wote.

Wabelgiji walipoijenga Stanleyville walipanga mji kwa rangi ya watu. Njia ya reli ya kuzunguka maporomoko, kutoka ng'ambo ya kushoto mpaka Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, ilifunguliwa mwaka 1906, na gati, magudulia na nyumba za wazungu zikachukua sehemu nzuri ya pembeni ya mto. Watu weusi waliwekwa nyuma. Amri ya 23 Novemba 1931 ilianzisha zile zilizoitwa «centres extra-coutumiers», miji ya watu waliotolewa nje ya desturi za kwao. Jina lenyewe linasema. Mtu alipewa lupango kwa kipimo, kwenye avenue iliyonyooka kama kamba, akakaa kwa ruhusa. Kuuza udongo wenyewe, hapana. Alikuwa mwenye miti na matofali, lakini chini ya matofali alikuwa mgeni. Tazama namna mambo yaligeuka: Mgenya alikuwa na mahali hata bila miti, na mtu wa cité alikuwa na miti bila mahali.

Baadaye, katika miaka ya 1950, Leta ilianza kutafuta watu weusi wenye mshahara wawe na nyumba zao. Office des Cités Africaines iliundwa mwaka 1952, Fonds du Roi ilikuja baada ya safari ya mfalme Baudouin ya 1955, na karani ao mfanyakazi wa masua aliweza kukopa na kulipa polepole. Wazee wanasifu sana nyumba za wakati ule, na kweli nyingi zinasimama bado. Lakini zilijengwa mbali na maji. Yule karani alipotaka raha, alipanda kinga yake siku ya Mungu na kuteremka kwa Wagenya kula samaki.

Kiisha uhuru mambo yalikwenda mbio. Wasimba waliingia mjini tarehe 5 Agosti 1964 na walikaa mpaka 24 Novemba. Maasi ya 1966 na 1967 yalifuata. Nyumba nyingi za pembeni ya mto zilibaki bila wenyewe na zikapata wenyewe wapya, ambao hawakuuliza sana. Zairianisation ya 30 Novemba 1973 iliongeza wengine. Wakati fulani kujua nani ni mwenye nyumba nzuri ya ku mayi ilikuwa ni kujua nani ana rafiki Kinshasa.

Lakini kitu kilichogusa kila mtu ni sheria ya udongo ya 20 Julai 1973. Iliandika kwamba udongo wote ni mali ya Leta, haiuzishwi na hailiki na muda. Mwananchi alipata haki ya kuutumia tu: concession perpétuelle, inayoweza kwenda kwa watoto. Yule aliyekuwa na livret de logeur mjini aliweza kubadilisha haki yake kuwa hiyo, kama kartie imepimwa na haki yake ni safi. Karatasi ya mwisho ni certificat d'enregistrement, na miaka miwili ikipita juu yake, haishambuliwi tena. Juu ya udongo wa vijiji, sheria iliahidi kwamba ordonansi ya Rais itakuja kueleza. Makumi ya miaka yalipita tukiingojea. Konstitisio ya 18 Februari 2006 nayo inalinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Neno hilo «ao kwa desturi» ni fupi, lakini kwa watu wa mto lina uzito kuliko kurasa nyingi.

Sheria hiyo ya 1973 ilisema pia jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Kitanda cha mto ni mali ya wote chini ya ulinzi wa Leta, na mpaka wa kitanda ni pale maji yanapofika katika kujaa kwake kwa kawaida. Udongo wa namna hiyo hautolewi kwa mtu. Ajabu ni kwamba hapa sheria ya Leta na desturi ya Wagenya zinakutana bila kujuana: zote mbili zinasema mahali pa maji si pa mtu mmoja.

Vita ilifundisha mengine. Kutoka 1998 nchi ilikatwa vipande, na masua za Kinshasa zilisimama. Mto ulikuwa pale, mpana vilevile, lakini ulikuwa kimya. Chumvi, sabuni, petroli vikawa vitu vya ndege, na bei yake mnaijua. Halafu majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati yetu, kutoka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000. ONU iliandika hesabu ya raia zaidi ya 760 waliokufa na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa ao kufanywa zisikalike. Mwaka 2022, tarehe 9 Februari, Korti ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325 kwa maovu ya vita ile katika nchi yetu, na milioni 40 kati ya hizo ni kwa mali iliyoharibiwa. Korti haikuweza kuhesabu nyumba kwa nyumba, kwa kuwa ushahidi ulioletwa ulikuwa haba, ikakata hesabu ya jumla. Msomaji aone: mtu aliyejenga, akazaa, akazeeka mahali pamoja, mbele ya majaji hana cha kuonyesha. Majirani waliojua kuta zake walikuwa wamekufa ao wamekimbia. Kwa hiyo hatusemi karatasi ni bure. Karatasi inasema wakati majirani hawako tena.

Masua zilipoanza kupanda tena, watu walirudi na hamu ya maji. Leo mwenye franka kidogo, mfanyabiashara, mtu wa ONG, ndugu aliye Ulaya, anataka «lupango yenye kuona mto». Komisionere anamtembeza. Anamwonyesha mahali pazuri, nyasi, miembe, maji yanang'aa, na mwuzishaji anayesema ni urithi wa baba. Wanakubaliana bei, shefu wa kartie anapiga mhuri, mashahidi wanakunywa bia yao, komisionere anachukua fungu lake. Mnunuzi analala usiku ule akijiona mwenye mto.

Kumbe kazi ndiyo imeanza. Urithi wa baba mara nyingi una watoto saba, na aliyeuzisha ni mmoja. Ukoo wa mwenye udongo unaweza kusema haukuitwa. Watu wa cadastre wakija na kamba yao wanaweza kukuta nusu ya lupango imo ndani ya kitanda cha mto. Tena kuna ile njia ya kuteremkia majini, ambayo mama wa avenue nzima waliipita tangu zamani. Mnunuzi anajenga ukuta, anaweka mlango wa chuma, na njia imekufa. Hapo hatujaona mtu akifurahi muda mrefu. Mama wanazunguka mbali na ndoo vichwani, vijana wanakaa kwa ukuta wakisema maneno, samaki hapiti tena mlangoni, na mwenye nyumba anakunywa Primus yake peke yake akitazama maji. Ameuza lupango, lakini ile raha aliyoifuata haikuwa ndani ya bei.

Udongo ukichukuliwa bila wenyewe kusikilizana, matata yanaweza kuwa makubwa kupita ukuta. Tangu Februari 2023, ng'ambo ya kushoto, ugomvi wa Wambole na Walengola uliotokana na udongo uliua watu, ulichoma vijiji na kuleta wakimbizi mpaka mjini. Walikuwa watu waliokuwa wameoana na kuvuka mto kwa pirogi moja.

Na mto wenyewe unakuja kuuliza. Katika Januari 2024 maji ya mto Congo Kinshasa yalikaribia kipimo cha 1961, ambacho ni kikubwa kuliko vyote vinavyokumbukwa, na bonde lote lilisikia. Nyumba ya simenti haijui kufanya kama mtego wa Mgenya. Haiwezi kwenda na maji leo na kusimamishwa tena maji yakipungua. Inapasuka, na deni lake linabaki kwa mwenyewe.

Tunawajua wengine waliofanya vizuri zaidi. Kabla ya kutoa franka waliomba kuona lupango mwisho wa mwaka, maji yakiwa juu, si wakati wa kiangazi mchanga unapokuwa mweupe. Waliomba watoto wote wa marehemu waje, na wazee wa ukoo wa pale, na walinunua bia hiyo bila kunung'unika. Walikwenda kwa cadastre wenyewe, hawakumtuma komisionere. Walijenga juu, nyuma ya alama ya maji, na chini waliacha miembe, benchi ya miti na njia ya watu. Jioni ukiteremka pale utakuta mama wanapanga samaki kwenye majani palepale chini ya mwembe, na mwenye nyumba anaitwa aje achague wa kwanza.